Mlenda wa Kuchorongea

Kazi yangu ilikuwa kukoroga tope, na niliipata kwa sababu ya elimu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya watu wazima kwetu Nyamigogo, Biharamulo, madarasa ya jioni chini ya karabai, tukigombea mwanga na wadudu ambao, haki ya Mungu, baadhi yao walinizidi kwa hesabu. Tangazo la kazi lilipobandikwa ofisi ya kata, nililisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, pamoja na muhuri. Waliosimama nyuma yangu walipiga makofi. Nikadandia lori la kwenda Ngara, nikavuka pori na mbung'o wake wakubwa kama vifaranga, nikashuka Bugarama na kukabidhiwa koleo.

Pale juu ya kilima palikuwa na mtambo wa kuchoronga miamba. Nchi ilikuwa inatafuta nikeli, na wataalamu walikuwa wameinusa chini ya vilima vya Ngara. Bomba la chuma lenye meno ya almasi huzunguka likishuka ardhini, likiungwa bomba jingine juu yake, na jingine, hadi unaanza kuwahurumia watu wa upande wa pili wa dunia. Kinachopandishwa ni jiwe la duara, refu kama muwa, na wataalamu hulilaza kwenye trei wakalitazama kama mzazi anavyotazama kichanga. Lakini bomba haliwezi kuzunguka kavu. Linataka tope jepesi lenye utelezi, linalosukumwa shimoni kwa pampu ili lipoze meno na kushikilia kuta zisiporomoke. Tope letu lilitoka ng'ambo likiwa unga ndani ya magunia ya karatasi. Bila unga ule hakuna tope, bila tope hakuna shimo, na bila shimo hakuna nikeli. Kwa hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa tatu kwa umuhimu katika taifa.

Chini ya kilima kilikuwepo kijiji cha ujamaa, na katika kijiji hicho alikuwepo binti wa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa akipandisha ndizi mbivu kuuza kambini. Siku ya kwanza nilimwambia ndizi zake ni tamu kuliko zote tangu Adamu. Akaniangalia nilivyopakaa tope hadi kwenye nyusi.

"Nawa kwanza mdomo," akasema, "ndipo ujue unasifia ndizi au udongo."

Nikajua nimepata mke. Yeye alichukua muda mrefu kidogo kujua.

Alipokubali, nilituma wazee wawili wa pale pale kijijini, wamebeba rubisi, pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka, waende kwa baba yake. Mzee alikunywa rubisi yote kwa heshima, akajifuta masharubu, akasema hapana. Hakuwa na ubaya nami. Alikuwa na ubaya na hema langu. Walipohamishiwa kijijini kutoka kwenye migomba yao, nyumba zilikuwa hazijajengwa, na familia yake ililala chini ya turubai masika nzima. Mvua ilinyesha, turubai likavuja, akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayelala tena chini ya kitu kinachokunjwa.

"Mwambieni huyo kijana," aliwaambia wazee, "watu wa kambi ni kama korongo. Leo wapo, kesho unaona unyoya tu. Kama maharage yatavunwa na yeye bado ana kazi hapa Bugarama, na alete watu wake tuzungumze. Kambi ikikunjwa kabla ya hapo, asinitumie hata salamu."

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Kambi ikunjwe na nani? Nikeli ilikuwa bado chini.

Kisha vita ikaanza.

Ngara hatukusikia mizinga. Mizinga ilikuwa mbali, kaskazini ya mkoa. Sisi tulisikia sabuni ikiisha, kisha sukari, kisha mafuta ya taa. Katika simulizi hii mtu atasema naongeza chumvi. Namwambia mwaka ule hata chumvi yenyewe hatukuwa nayo. Vijana walijiandikisha mgambo wakaimba hadi magoti yakawauma. Lori la kambi na Landrova vikachukuliwa kwenda mstari wa mbele, nasi tukavisindikiza kwa vigelegele na mikungu ya ndizi. Wataalamu wakaitwa Dar es Salaam. Tukabaki vibarua wachache, mpishi, na Fundi.

Fundi alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mpana kama mlango wa ghala, aliyekulia kwenye machimbo ya almasi. Alikuwa na pipa moja la dizeli ambalo halikujaa na magunia ya unga ambayo yalikuwa yamekwisha. Akaona achoronge kidogo kwa maji matupu, kazi isilale. Mimi nilimuunga mkono kwa nguvu zote kwa sababu zangu za ndizi. Siku hiyo hiyo kuta za shimo ziliporomoka zikayabana mabomba. Fundi alivuta, mtambo ukanguruma, kilima kikatetemeka hadi kuku wa kijijini wakataga bila kutarajia. Mabomba hayakusogea hata unene wa kucha.

Tukiwa katika hali hiyo, mjumbe akaja na baiskeli kutoka wilayani. Afisa angefika siku chache zijazo kukagua. Mtambo wowote usiofanya kazi ungefunguliwa. Injini na pampu vingekwenda kusaidia vita, na wafanyakazi wangerudi makwao. Hakuna aliyeweza kupinga. Mimi mwenyewe ningepewa fimbo ningekwenda kumfukuza adui peke yangu hadi kwake na chenji ingebaki. Lakini maharage shambani kwa mzee ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua.

Siku hiyo mchana tulikula kwa huzuni. Mpishi wetu alikuwa mama wa Kisukuma, ndugu zake wamehamia Biharamulo na ng'ombe wao, na kwa kuwa nyama na mafuta vilishakuwa hadithi, alipika mlenda. Alikuwa na mfuko wa majani yaliyokaushwa na kutwangwa kutoka kwao, na alijua kuuwekea magadi hadi ukavutika kutoka chunguni mpaka mdomoni bila kukatika. Vibarua Wahangaza, wenyeji wa Ngara, hawakuuzoea, na hawakukosa maneno.

"Mama, hiki ni chakula au umepiga chafya?" mmoja akauliza.

"Kula, mwanangu. Kinashuka chenyewe, hata mvivu kama wewe hahitaji kutafuna."

"Nikimeza kitafika kweli? Au kitapita moja kwa moja mpaka Burundi?"

"Kikifika Burundi utakifuata. Pasipoti utapewa na mimi."

Fundi hakucheka. Alikuwa amechovya tonge kubwa la ugali, akaliinua, likamponyoka. Akachovya jingine. Nalo likateleza katikati ya vidole, likaruka, likatua kwenye bakuli langu. Mimi nikalila, maana wakati wa vita hakirudishwi kitu. Nilipoinua macho nikamkuta Fundi ananitazama, kisha anatazama vidole vyake, anavisugua taratibu.

"Wewe, mkoroga tope," akasema. "Hebu shika hapa."

Nikashika. Nikasugua. Nikatazama kilimani ulipo mtambo. Ndipo nikasema jambo ambalo nililisema kwa utani mtupu, ingawa wajukuu wangu huwa nawaeleza kwamba nililitoa kwenye kitabu: "Fundi, tuupikie mtambo."

Mama mpishi akaacha mwiko. "Muupikie nini?"

"Mlenda," Fundi akasema, na sauti yake haikuwa na utani. "Pipa zima."

"Pipa! Na magadi?"

"Na magadi."

"Na sisi tutakula nini?"

"Tutakula baada ya bomba kula."

Mfuko wa mama ukageuka maji ya utelezi kwenye shimo letu la tope, lile dimbwi la kukorogea kando ya mtambo, ukaisha, na bado tope lilikuwa jepesi mno, kama uji wa mgonjwa. Tulihitaji majani mabichi, mengi. Nikashuka kijijini kumweleza binti. Nilidhani atacheka, na alicheka, mpaka akashika ukuta. Kisha akajifunga khanga kiunoni.

"Wenzangu wanaletewa ng'ombe na wachumba," akasema. "Mimi nampelekea mchumba majani. Huko mbele tutakula nini, miti?"

Akawakusanya wanawake wenzake. Walichuma mlenda pori kwenye makonde, kando ya njia, nyuma ya ghala la kijiji, wakaupandisha kilimani mizigo kwa mizigo hadi nikahofia mbuzi wa Ngara wangeandamana. Baba yake alimkuta njiani na furushi kichwani, akamuuliza anapeleka wapi. "Mboga, baba," akajibu, na hakusema uongo hata kidogo. Tuliponda, tukachemsha kwa mapipa, tukakoroga. Nilikoroga kama mtu anayeoa, maana ndivyo ilivyokuwa. Fundi akachovya mkono, akainua, uzi mrefu ukaning'inia na kung'aa juani. Akaguna. Katika lugha ya Fundi, hiyo ilikuwa hotuba.

Tukasukuma mlenda shimoni kwa pampu. Siku ya kwanza, mabomba kimya. Siku ya pili, kimya. Dizeli ilikuwa inapungua, kwa hiyo Fundi akaamua tuuache mlenda uloweke wenyewe chini kule, upenye taratibu, na dizeli iliyobaki tuitunze kwa mvuto wa mwisho. Akazima injini. Jua la Ngara likachukua zamu.

Sasa, mlenda una tabia ambayo unga wa ng'ambo hauna. Unachacha. Sisi wote, pamoja na elimu yangu, tulilisahau hilo, na mama mpishi hakuwahi kuona mlenda unaobaki bila kuliwa. Siku iliyofuata shimo la tope lilianza kutoa mapovu. Iliyofuata tena, likawa linaguna, linapumua, linavimba kama rubisi iliyokolea, na harufu yake ilishuka mlimani ikabisha hodi nyumba hadi nyumba. Pampu yetu nayo ilikuwa inavuja. Matone ya dizeli yalikuwa yametanda juu ya maji yakitoa rangi za upinde wa mvua, nyekundu, kijani, zambarau.

Ilikuwa siku ya mnada. Watu waliokuwa wakipita waliona maji yanachemka bila moto, yana rangi za mafuta, na yananuka. Nchi nzima haina hata kibatari kinachowaka. Wewe ungefikiri nini?

Kabla ya adhuhuri, Bugarama yote ilijua kwamba petroli imepatikana. Kufika alasiri, nadhani walijua hadi Bujumbura. Walikuja na madumu, vibuyu, chupa za soda, mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Mimi nilisimama mbele ya shimo nimetandaza mikono.

"Jamani, ni mlenda! Mlenda mtupu!"

"Mlenda gani unachemka?"

"Umechacha!"

"Mwacheni, amekatazwa kusema. Ni siri ya serikali."

Ndipo umati ukapasuka katikati, na mbele yangu akatokea mzee mwenyewe, baba wa binti, amevaa koti lake la vikao. Mkono mmoja alikuwa na chupa, mwingine ameshika taa yake ya chemli, ile aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, ambayo haikuwa imewaka tangu mafuta yaadimike.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea."

"Baba, nakuapia, hayo si mafuta. Ni mboga."

Alinitazama kwa uchungu wa kweli. "Kijana, nimekunywa rubisi yako. Nimekupa muda. Leo nchi imejaliwa mafuta, na wewe unanibania mimi chupa moja?"

Nilifanya nini? Kumzuia baba mkwe kwa mabavu ni mwiko. Nikasogea. Akainama, akachota, akainusa, akakohoa, akasema kwa kujiamini kwamba mafuta mapya ndivyo yanavyonuka kabla hayajatulia. Akaondoka nayo. Jioni ile, kabla jua halijazama, aliwaita watu wa nyumba zake kumi waje washuhudie. Akajaza taa, akapandisha utambi, akawasha kiberiti chake cha mwisho. Binti ndiye aliyenisimulia. Taa ilisema *fsss*. Kisha ikasema *pwa*. Kisha ikatema uzi mrefu wa kijani ukamshuka mzee kwenye koti. Watu wa nyumba kumi walijitahidi kutocheka, na wakashindwa karibu na nyumba ya tatu.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Hajasema kitu," binti akajibu. Safari hii hakuwa anacheka. "Amekaa na taa mapajani. Afadhali angetukana."

Asubuhi yake lori la afisa likapanda kilima. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vumbi la safari ndefu, na nyuma yake mgambo wenye spana za kufungulia injini. Habari za petroli zilikuwa zimempokea njiani, kwa hiyo hakuja peke yake. Kijiji kizima kilimfuata. Mzee naye alikuja, akasimama mbali, mikono nyuma.

Afisa alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la tope. Akainama juu ya mapovu. Akanusa. Kisha akainua kichwa.

"Nani amepika hapa?"

Mama mpishi akanyoosha mkono kama darasani.

"Umeweka magadi?"

"Nimeweka, bwana."

"Mengi mno," afisa akasema, na umati ukaangua kicheko, kwa sababu ilionekana hata yeye ni mlaji. Lakini alipogeukia mtambo, uso wake ulirudi kazini. "Huu umekwama tangu lini? Maagizo ni wazi. Usiofanya kazi, unafunguliwa."

Mgambo wakasogea na spana. Nikatazama upande alipo mzee, nikaona amenikazia macho, na sikujua kama ananiombea heri au ananisubiri nikunjwe pamoja na turubai.

"Mheshimiwa," Fundi akasema, "kuna dizeli ya mvuto mmoja. Niruhusu nivute. Ikishindikana, mimi mwenyewe nitakufungulia, tena bila kuharibu uzi hata wa boliti moja."

Afisa akatazama jua, akatazama kijiji chote kilichojazana, akaketi juu ya gunia. "Vuta."

Fundi akawasha. Injini ilikohoa moshi mweusi, pampu ikasukuma mlenda mpya juu ya uliochacha, nami nikawa nakoroga kwa koleo, machozi yananitoka, kwa harufu na kwa mambo mengine. Nyaya zikakaza. Mtambo ukalia. Fundi akaushika mkono wa breki kama anashika ng'ombe kwa pembe, akalegeza, akavuta, akalegeza. Wanawake wakaanza kumwimbia, wimbo wa kulima, kila jembe likishuka naye anavuta. Na hapo, kutoka chini kabisa, tukasikia mlio mrefu wenye unyevunyevu, kama ng'ombe anayetoa mguu kwenye matope, ila ng'ombe huyo awe mkubwa kama Ngara nzima.

Mabomba yakapanda.

Yakapanda na mapovu yote ya kule chini. Mapovu yaliruka juu kuliko mtambo, kuliko miti, nasema kuliko mawingu na anayebisha hakuwepo, yakatunyeshea sote bila kubagua: Fundi, mgambo, afisa, wanawake, na mzee aliyedhani amesimama mbali. Hakuna aliyekimbia. Watu walikuwa wanapiga vigelegele huku wanajifuta. Fundi akafungua bomba la mwisho, akagonga kwa nyundo ya mbao, likateleza jiwe jeusi, zito, lenye chembe za njano zinazong'aa, akamlazia afisa mapajani.

Afisa aliliinua kwa mikono miwili. "Ndiyo yenyewe?"

"Wataalamu watasema," Fundi akajibu, lakini alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

Afisa akajipangusa mlenda kwenye nyusi. "Mimi nimeagizwa kuchukua mtambo usiofanya kazi," akasema polepole. "Huu mbona umeninyeshea mvua? Wekeni spana chini. Mtabaki hapa muulinde na mawe yake mpaka wenyewe watakaporudi." Akapanda lori. Kisha akachungulia dirishani. "Mama, siku nyingine punguza magadi."

Lori likashuka tupu. Ndipo nilipomwendea mzee. Umati ulisogea kusikiliza, maana kila mtu alijua habari ya hema, na kila mtu alijua habari ya taa. Mlenda ulikuwa unamchuruzika kwenye koti lile lile la vikao, ambalo lilikuwa limefuliwa jana yake kwa majivu.

"Shikamoo, baba."

Akajipangusa masharubu kwa kiganja.

"Marahaba," akasema. "Ulinieleza kwamba ni mboga."

"Nilikueleza, baba."

"Kwa nini hukunishika mkono?"

"Nitakushikaje mkono, baba, na wewe ni mkwe wangu?"

Nilisikia binti nyuma yangu akivuta pumzi. Mzee alitikisa kichwa, masharubu yakacheza, na kitu kikaanza kumtetemesha tumboni. Nilidhani ni hasira. Kilipotoka kilikuwa kicheko, kirefu, cha mtu aliyekibana tangu jana jioni.

"Maharage yakivunwa," akasema alipopata pumzi, "lete watu wako. Lakini binti yangu halali chini ya turubai. Jenga. Na kabla hujajenga, njoo uchukue ile taa uisafishe."

Niliisugua taa ile kwa mchanga, kwa majivu, kwa maganda ya ndizi. Nyumba niliijenga kwa msaada wa vibarua wenzangu, na Fundi ndiye aliyesimamisha nguzo, zimenyooka kama mabomba. Maharage yalivunwa tukiwa bado tunalinda mawe. Siku ya harusi ndugu wa bibi harusi walinipokea kwa bakuli la mlenda mbele ya umma wote, wakaimba kwamba mkwe wao anavuta mke kwa utelezi. Nililimaliza bakuli. Nikaomba jingine.

Nikeli yenyewe? Bado watu wanakuja na magari yao kuitafuta, tena kwa unga wa ng'ambo. Ile taa, mzee alitupatia siku hiyo ya harusi. Mafuta ya taa yalipopatikana tena, tuliiwasha, ikawaka vizuri kabisa, ila mpaka leo kabla ya kushika moto husema kwanza *fsss*. Na mke wangu, popote alipo ndani ya nyumba, hujibu: "Umezidisha magadi."